Kuchora Ua na Tunda: Anasa au Wajibu?

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari ya pwani, niliweka embe dodo juu ya meza mbele ya darasa la kidato cha pili, nikawaambia wanafunzi walichore. Ulikuwa mwanzo wa msimu wa maembe, na harufu yake ilienea chumba kizima. Baada ya dakika kumi nilipita kati ya madawati, nikaona jambo lililonishangaza. Wanafunzi wengi walikuwa wameinamia karatasi zao bila kuinua macho hata mara moja. Kila mmoja alichora embe alilokuwa nalo kichwani: umbo la moyo uliolala ubavu, jani moja la kijani juu yake, na rangi ya manjano iliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini embe lililokuwa mezani halikuwa na jani. Nusu yake ilikuwa bado kijani, utomvu uliokauka ulikuwa umeacha mchirizi ubavuni mwake, na karibu na kikonyo palikuwa na doa jeusi lenye upana wa ukucha.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha ndiye aliyelichora doa hilo. Alikuwa amelichora kwa uangalifu mkubwa, na ukingo wake ulififia polepole ndani ya rangi ya ngozi, kama lilivyokuwa hasa. Nami, kwa kutaka kumsaidia, nikamwambia alifute ili embe lake lipendeze zaidi. Akanitazama kwa heshima, akasema, "Lakini doa lipo, Mwalimu."

Sikuwa na jibu. Nilimwacha aendelee na kazi yake. Tangu siku ile maneno yake yamenifuata, maana ndani yake mna swali ambalo si la darasa la sanaa peke yake. Mtu achoraye tunda ana deni gani, na mdai wake ni nani? Je, kazi hiyo ni anasa ya mtu mwenye nafasi, au ni wajibu unaompasa kila anayetaka kuijua nchi yake?

Hapana budi tuanze na wale wasemao kwamba swali lenyewe ni la anasa. Nchi yetu, wanasema, ina visima vya kuchimba, zahanati za kujenga na mashamba ya kupalilia. Tunda ni la kuliwa, na ua ni dalili tu kwamba tunda linakuja. Kijana anayetumia saa tatu kuchora ua la mbuyu angeweza kutumia saa hizo kujifunza hesabu. Hoja hii si ya kijinga, wala haifai kujibiwa kwa dharau. Aghalabu anayeisema ni mzazi aliyeuza gunia la mahindi ili anunue vifaa vya shule, naye ana haki ya kuuliza penseli za rangi zitamletea nini mwanawe.

Jibu la kwanza linapatikana katika historia. Watu wetu hawakungoja washibe ndipo wapambe. Tazama kanga: pambo la korosho, lenye umbo lake lililopinda, limepita juu ya mabega ya mama zetu kizazi baada ya kizazi, na wengi wao walikuwa watu wa hali ya chini kabisa. Tazama milango ya Zanzibar na Lamu, ambamo mafundi walichonga maua na mizabibu katika mbao ngumu. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walipokuwa wakinakili misahafu kwa mkono, walizungushia kurasa mapambo ya maua kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Na mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu uhuru, na yenye upungufu wa karibu kila kitu, Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hata Nembo ya Taifa letu la Tanzania ina mimea iliyochorwa: miguuni mwa mwanamume na mwanamke wanaoishika ngao kuna mkarafuu na mpamba.

Hata hivyo, desturi peke yake haithibitishi haki. Watu wamefanya mambo mengi kwa karne nyingi nayo hayakuwa mema. Basi yatupasa tutafute sababu iliyo ndani zaidi, nayo tutaipata tukichunguza kinachotokea kati ya jicho, mkono na tunda.

Chukua bibo. Mtoto wa Mtwara au Lindi ameliona tangu alipoanza kutembea, amelifyonza maji yake, na amekemewa asiguse mafuta ya ganda la korosho yanayochoma ngozi. Mwulize tunda la mkorosho ni lipi, naye atakuonyesha lile bonge jekundu au la manjano lenye maji. Sasa mpe karatasi, umwambie alichore tawi moja kila juma, tangu maua yanapochanua. Ataona kwamba kinachotangulia kukua ni korosho yenyewe, iliyopinda kama figo, ya kijani, ikining'inia kwenye kikonyo chembamba. Ataona kwamba korosho hufikia ukubwa wake kwanza, na kwamba baadaye ndipo kile kikonyo kinapovimba, kikajaa maji na kupata rangi. Mkono wake utakuwa umemfundisha jambo ambalo mdomo wake haukumfundisha, yaani bibo ni kikonyo kilichonenepa, na tunda halisi kwa maana ya elimu ya mimea ni lile lililoning'inia chini yake, lililobeba mbegu tunayoikaanga. Hakudanganywa na mtu. Kwa muda wote huo alikuwa akitazama bila kuona.

Hapa ndipo ilipo sababu. Katika maisha ya kila siku jicho hufanya kazi kama karani mwenye haraka. Likipata dalili mbili tatu, hugonga mhuri, "embe", "ua", "jirani", "maskini", kisha hupita. Hatuwezi kuishi bila mihuri hiyo, kwa sababu hakuna awezaye kukichunguza kila kitu. Lakini hatari yake ni kwamba mtu huzoea kuishi na majina ya vitu badala ya vitu vyenyewe, na mazoea hayo huhama kutoka kwenye matunda hadi kwa watu. Mtu aliyemhukumu mwenzake kabla ya kumsikiliza ametenda lile lile walilotenda wanafunzi wangu: amechora embe la kichwani mwake, ilhali embe la kweli liko mezani mbele yake.

Kuchora ua au tunda kwa uaminifu ni zoezi la kuuzuia mhuri huo. Nalo ni zoezi gumu, kama ajuavyo kila aliyelijaribu, kwa kuwa vifaa vyenyewe vina masharti yao.

Rangi ya maji ni unga laini wa rangi uliochanganywa na gundi, na gundi inayosifika kwa kazi hiyo hutoka katika mti wa jamii ya mgunga, hasa wa Sudan na nchi za ukanda ule. Mti huo huota pia katika nyika za Afrika Mashariki. Kwa hiyo katika kidonge cha rangi kinachouzwa ng'ambo kwa bei kubwa mna tone la jasho la mchumaji wa Kiafrika. Sharti la rangi hii ni kujizuia. Rangi yenyewe ni nyepesi, nayo huuacha weupe wa karatasi uonekane chini yake. Anayetaka kuonyesha mng'ao juu ya ngozi ya embe hana budi kukiacha kipande hicho cha karatasi bila kukigusa tangu mwanzo hadi mwisho. Huanza na rangi hafifu, akaenda kwenye iliyokolea. Akikosa kujizuia mwanzoni, hawezi kuurudisha mwanga mwishoni, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Wino una sharti lake pia. Mstari wa wino haufutiki. Mchoraji atakayeanza ukingo wa petali bila kujua utaishia wapi atauona wasiwasi wake mwenyewe umekauka mbele yake. Humpasa atazame, aamue, kisha apige mstari kwa pumzi moja. Na kama atapaka rangi ya maji juu yake, sharti achague wino usioyeyuka, aungoje ukauke. La sivyo weusi utasambaa na kuchafua kazi yote.

Penseli za rangi huonekana kama kitu cha watoto, na pengine ndiyo sababu watu wazima huzidharau. Lakini hakuna kifaa kinachodai saburi kuliko hicho. Rangi yake, iliyoshikwa kwa nta au mafuta, huwekwa tabaka juu ya tabaka: manjano kwanza, kijani hafifu juu yake, kisha wekundu kidogo pale jua lilipoligusa tunda. Anayekandamiza kwa nguvu mapema huzilaza nyuzi za karatasi, nayo ikawa laini kama kioo na kukataa rangi nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii methali hiyo ni maelezo ya ufundi hasa.

Kujizuia, kuamua na kusubiri: hizo ni tabia tunazozihubiri shuleni kila siku kwa maneno, na wanafunzi wetu wamekwisha kuyazoea maneno. Kalamu na burashi huzifundisha bila hotuba. Na tena mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kujua ua la mpapai limeshikwa vipi kwenye shina hana budi kuusogelea mti.

Atatokea mtu aulize: Je, si kamera ifanyayo kazi hiyo kwa kupepesa jicho? Siku hizi hata mchunga mbuzi ana simu yenye kamera mfukoni. Ni kweli, na kamera ni chombo cha heshima. Lakini angalia mfano huu. Kitabu kikubwa cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, kiitwacho Flora of Tropical East Africa, kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952, kikakamilika mwaka 2012. Kimeeleza mimea zaidi ya aina 12,000. Katika miaka hiyo yote 60, wakati kamera zilikuwa zimekwisha kuenea ulimwenguni, sehemu zake ziliendelea kupambwa kwa michoro ya wino mweusi. Sababu si ukaidi wa wazee. Picha ya kamera huonyesha ua moja, siku moja, katika mwanga wa saa moja. Mchoraji huweza kuweka katika ukurasa mmoja ua la mwezi wa Aprili na tunda la mwezi wa Agosti, akalipasua ua katikati kuonyesha kilichomo, akaonyesha upande wa chini wa jani na vinyweleo vyake. Kamera hupokea chochote kilicho mbele yake, bali mchoraji lazima afahamu kabla hajaonyesha. Kwa mwanafunzi tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa picha ya simu humwachia kumbukumbu nje yake, na mchoro humwachia maarifa ndani yake.

Twende hatua moja mbele, tuulize ni maua gani na matunda gani yanayostahili kazi hii. Nimeona madaftari mengi ya wanafunzi wetu yenye waridi na tofaa, na machache sana yenye ua la mbaazi au fenesi. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, mwaka 1503, alichora kwa rangi za maji bonge la udongo lenye nyasi na magugu, mimea ambayo ng'ombe huikanyaga. Mchoro huo umehifadhiwa mjini Vienna, na hadi leo watu husafiri kwenda kuuona. Tukimwiga Dürer kwa kuchora magugu ya Ujerumani, hatujajifunza kitu kwake. Tutakuwa tumejifunza tukichora magugu yetu.

Lakini tusiligeuze neno "yetu" kuwa ukuta. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Mwembe asili yake ni Asia. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Miti hii ilikuja ikiwa migeni, nasi tukaipanda, tukaipa majina, tukaitia katika methali na katika kanga. Imekuwa yetu kwa kazi na kwa mapenzi. Ndivyo utamaduni wa taifa unavyojengwa. Kinachofanya kitu kiwe chetu ni kukitunza na kukijua, na kisichojulikana na wenyewe hujulikana na wengine kwa niaba yao.

Hapo ndipo tunapofikia sehemu ngumu ya mazungumzo yetu. Hadi sasa nimesema kana kwamba mtu akizoea kuliona ua vizuri atazoea pia kuwaona watu vizuri. Laiti ingekuwa hivyo daima! Historia inatuonyesha watu waliohesabu petali za ua kwa uangalifu wa ajabu, ilhali binadamu aliyewabebea mizigo hawakumwona.

Katika milima ya Usambara huota ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 ofisa wa serikali ya kikoloni ya Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilieleza kitaalamu, akaliita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wa ofisa huyo. Ua hilo likapendwa mno, na leo limewekwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, likiwa limechorwa mara zisizo na idadi. Wapo wanaolilea kila siku wasiojua Usambara iko wapi. Watu wa milima ile, waliopita kando yake tangu enzi na enzi, hawamo katika jina lile. Na ndugu zake wa porini wamo hatarini, kwa sababu misitu wanamoota inapungua. Ua lilionekana, mahali pake hapakuonekana.

Tusifikiri kosa hili ni la wageni peke yao. Itazame karafuu. Karafuu tunayoitia katika pilau ni ua ambalo halikuruhusiwa kuchanua. Mchumaji hupanda mtini na kuchuma vikonyo wakati machipukizi yamejaa na kuanza kupata wekundu, kabla hayajafunguka. Kisha hutengwa na makonyo kwa mkono, huanikwa juani, nayo hugeuka kuwa ile misumari midogo ya kahawia. Ukichukua karafuu kavu na kuichora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, utaona kichwani mwake petali zilizojikunja zikawa kama kitone, zimezungukwa na meno manne. Likiachwa lichanue, kitone hicho hudondoka kama kofia, na nyuzi nyeupe hutawanyika kama miale. Ni ua zuri sana. Lakini kwa mkulima wa Pemba kila ua lililochanua ni hasara.

Je, mchoraji wa karafuu achore nini? Akichora miale ile mizuri tu, amechora kweli, lakini kweli pungufu. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara, na utumwa haukufutwa kisheria huko hadi mwaka 1897. Mchoro hauwezi kusema hayo yote. Ila mchoraji aweza kuyajua, na ujuzi huo ukamwekea mkono wake adabu.

Yupo mchoraji mmoja wa zamani anayetufundisha jambo hapa. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alisafiri mwaka 1699 pamoja na binti yake mdogo hadi Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, akakaa hadi mwaka 1701 akichora mimea na wadudu wake. Mwaka 1705 alitoa kitabu chake chenye michoro 60, na humo alichora majani yaliyotobolewa na viwavi kama yalivyokuwa. Kati ya mimea hiyo umo mmoja wenye maua mekundu na manjano, ambao siku hizi hupandwa hata katika bustani zetu. Kando ya mchoro wake Merian hakuandika habari za uzuri peke yake. Aliandika aliyoambiwa na wanawake watumwa wenyewe, kwamba walitumia mbegu za mti huo kuharibu mimba zao ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Alikuwa mtu wa zama zake, na safari yake ilitegemea kazi ya watumwa. Lakini siku hiyo alisikiliza, na kwa kuwa alisikiliza, ua lile haliwezi tena kuwa pambo tu.

Basi naikiri hoja, kisha naisahihisha kauli yangu ya awali. Kulitazama ua vizuri hakumfanyi mtu kuwa mwema moja kwa moja. Humpa uwezo, kama vile kujua kusoma kunavyompa mtu uwezo, na uwezo huo aweza kuufungia ndani ya ukingo wa karatasi. Wajibu huanza pale anapokubali kuuliza swali la pili: Nani aliyelipanda, nani aliyelichuma, na wao wanaliitaje? Vyaelea, vimeundwa. Hakuna tunda lililofika mezani kwa miguu yake.

Limebaki swali la yule msichana, nami sipendi kulikwepa. Je, kila mchoro lazima uonyeshe doa? Nadhani yatupasa tupambanue kazi mbili. Kuna pambo na kuna ushahidi. Korosho ya kwenye kanga haikuahidi kwamba ni korosho ya mti fulani. Ni pambo, na deni lake ni kupendeza na kukaa vyema katika nguo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alipochora chui kwa rangi za kung'aa juu ya ubao, hakuna aliyemtaka ahesabu madoa ya chui yule. Pambo lina uhuru wake, na taifa lisilo na pambo ni taifa lenye huzuni. Lakini anayeweka tunda moja mezani na kusema, "Nitalichora hili," ametoa ahadi. Amekuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kupendezesha. Kosa langu siku ile lilikuwa kumtaka shahidi ageuke kuwa mpambaji, bila hata kumwarifu kwamba nimembadilishia kazi.

Na sikuwa nimejua uzito wa kosa hilo. Michoro ya darasa ilibandikwa ukutani, na siku chache baadaye mwalimu wa kilimo alipita, akasimama mbele ya embe lenye doa. Michoro mingine thelathini hakuitupia jicho. Aliuliza embe lile limetoka mti gani. Akatueleza kwamba doa la namna ile, jeusi na lenye kuzama kidogo, ni dalili ya ugonjwa wa kuvu unaoenea mvua ikinyesha wakati mwembe umechanua, na kwamba matawi makavu na matunda yaliyooza yasipoondolewa chini ya mti, msimu ujao utakuwa mbaya zaidi. Embe lile lilitoka katika mwembe wa uani kwangu. Nilikuwa nimeula matunda yake miaka mitatu, na kila mara nilikata sehemu yenye doa nikaitupa pale pale shinani.

Mwalimu mwenzangu, huna haja ya kungoja vifaa vya gharama. Penseli tatu za rangi na karatasi ya kawaida vyatosha kuanza. Wino waweza kupatikana kwa masizi ya chungu yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti, ingawa huo ukipakwa maji huyeyuka. Weka tunda mezani, lile lililo karibu. Wape wanafunzi dakika tano za kulitazama kabla hawajashika kalamu, kisha waulize limetoka wapi na limeletwa na nani. Ukiona mmoja amechora kitu usichokiona wewe, usimwambie afute. Nenda mezani ukatazame.

Nawe ndugu mwanafunzi, mzazi wako akikuuliza penseli zile zitakuletea nini, usimjibu kwa maneno makubwa ya sanaa na utamaduni. Chukua bibo moja kutoka shambani kwake, ulichore pamoja na korosho yake, umwonyeshe ni lipi lililotangulia kukua. Huenda akakuambia kwamba analijua jambo hilo tangu utotoni. Ikiwa hivyo, keti, umsikilize, na maneno yake uyaandike chini ya mchoro.